Mzee Gundi na Sura ya Ukutani

Baba yangu hakai. Ukimpa kiti anakishika mgongo, anakitikisa kuona kama miguu ni mizima, halafu anasimama nyuma yake. Chai yake anainywa akitoka mlangoni kwenda dirishani, na ukikitafuta kikombe unakikuta mahali pa ajabu, juu ya kabati la nguo au kwenye ngazi za jirani. Shangazi, dada yake mkubwa ambaye ndiye aliyenilea, husema mdogo wake alijifunza kutembea kabla ya kukaa na mpaka leo hajarudi kumalizia somo. Mtaani wanamwita Mzee Gundi. Mgeni akilisikia jina hilo na kumwona mwenyewe anavyohangaika, hudhani watu wanamtania. Hawamtanii, au tuseme hawamtanii sana. Gundi ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alibandika mabango ya serikali tangu ujana wake hadi walipomstaafisha.

Zamani hizo wizara ya biashara ilisema na watu kupitia kuta. Redio walikuwa nayo wachache, na gazeti lilikuwa limeshafungiwa karanga kabla hujalimaliza, lakini ukutani kila mtu alipita. Lilikuwapo bango la meli inayopakiwa makasha, TUKIUZA NJE TUNASIMAMA NDANI. Lilikuwapo la bwana mmoja wa suti anayevua viatu vya kigeni kwa aibu, VIATU VYAKO VINAJENGA NCHI YA NANI? Hilo Baba alilibandika mji mzima akiwa amevaa viatu vya nje, alivyopewa na rafiki yake wa melini. Watu walisimama wakasoma bango, wakamtazama miguuni, wakasoma tena. Yeye aliwajibu kwamba serikali imeajiri mikono yake, miguu bado ni mali yake binafsi.

Gundi aliipika mwenyewe asubuhi, uani kwa idara, kwa unga wa ngano ndani ya debe, na mwishoni akatia chembe ya mrututu ili mende na panya wasile maneno ya waziri. Bango kubwa lilikuja vipande viwili, cha juu na cha chini, na ufundi wote ulikuwa kwenye kuviunganisha. Mwenzake mmoja, aliyekuwa na haraka zake, aliwahi kumbandika yule bwana wa suti kuanzia kiunoni kwenda juu, na chini akamwekea miguu ya mkulima wa pamba. Likakaa hivyo mpaka mvua zikalichukua, wala hakuna aliyelalamika. Na kanuni yao ilikuwa moja: bango la zamani halibanduliwi, jipya linakwenda juu yake, kwa sababu gundi ile ilishika karatasi vizuri kuliko ilivyoshika chokaa. Kuta za mji zikawa zinanenepa kila mwaka.

Mama yangu alikuwa ndani ya unene huo.

Alikuwa muuzaji wa vitambaa kwenye duka la ushirika. Siku moja mchoraji wa wizara aliingia dukani akitafuta mwanamke wa kawaida wa kumchora, akamkuta anampimia mteja kitambaa, akamwomba asimame karibu na dirisha na kikapu mkononi. Bango likatoka. Mwanamke amebeba kikapu chenye sabuni, sufuria na jora la kitambaa, vyote vya viwanda vyetu, na chini yake NUNUA CHETU, TUJENGE KWETU. Kwa hiyo Baba akawa anaondoka asubuhi na mkewe begani, amekunjwa nakala kwa nakala, akimbandika kwenye kila ukuta ulio wazi. Wenzake walimwambia hawajawahi kuona mwanamume anayemtangaza mkewe kiasi kile, na kwamba ajihadhari, asije akapata wanunuzi.

Haya yote nimeambiwa na Shangazi. Mimi mama yangu simkumbuki. Homa ilimchukua nikiwa sijaota jino, na picha yake hatuna hata moja. Harusi yao haikuwa na mpiga picha. Kitambulisho chake cha kazi kilirudishwa dukani, duka likakipeleka makao makuu, na makao makuu hayana tabia ya kurudisha kitu. Na lile bango? Mtu aliyeishika sura ya mkewe kila siku kwa mikono miwili hakuwa ameweka nakala hata moja nyumbani. Nilipokuwa msichana jambo hili lilinichemsha damu. Nikamwendea yule mbandikaji mwenzake, naye hakushangaa hata kidogo. "Nani abebe mabango mpaka nyumbani, mwanangu?" akaniambia. "Ukishinda nayo kutwa, ukirudi unataka kuona ukuta mtupu."

Baada ya msiba, wizara ikaleta kampeni mpya. Ilikuwa ya kulaani walanguzi, bango la panya mnene amekalia magunia. Mkuu wa idara alikuwa na utu, akamwambia Baba apumzike, wenzake watabandika. Baba akakataa. Alisema kama mkewe ni wa kufunikwa, hafunikwi na mtu mwingine. Akazunguka mji mzima na debe lake, ukuta kwa ukuta, akamfunika. Nakala zilizobaki stoo zilirudishwa kiwandani zikasagwa.

Nadhani tangu siku hiyo ndipo alipoacha kumzungumzia. Nilimuuliza nikiwa mdogo, nikamuuliza nikiwa mkubwa: Mama alikuwaje? Alikuwa mrefu? Alikuwa mkali? Alikuwa anapenda nini? Jibu lilikuwa lile lile. "Yupo ukutani. Nitakuonyesha, utamwona mwenyewe." Shangazi naye alijitahidi, lakini alikuwa amekutana na wifi yake mara chache tu, kwa hiyo alinipa maneno ambayo hupewa kila marehemu: alikuwa mtu wa watu, alikuwa na heshima, alikuwa mzuri. Nilikuwa nikimsikiliza huku natamani kumtikisa. Maneno hayo hata jirani yetu aliyekuwa akipiga watoto wa wenzake aliambiwa siku ya kuzikwa.

Basi Baba akawa mtu wa kukwaruza kuta. Hapiti penye karatasi nene bila kupeleka ukucha kwenye pembe yake. Tukitumwa dukani, tunachelewa. Tukienda hospitali, tunachelewa, maana na hospitali ina ukuta. Amefukuzwa na walinzi, amemwagiwa maji na mama mwenye saluni, na polisi mmoja aliwahi kumuuliza anaiba nini, akajibu kwamba anatafuta mke, akalala ndani. Lakini mji ulikuwa umebadilika. Kuta zilipigwa rangi, zikakwanguliwa, zikabomolewa, zikawekwa vigae. Kila mwaka zilipungua, naye kila mwaka alizidi kwenda mbio, na mimi nyuma yake namsihi avae koti. Ninashona mapazia kwa kazi, na wateja hulalamika kwamba siwezi kukamilisha pazia moja bila kusimama mara chungu nzima kwenda kuchungulia nje. Wanadhani nina deni. Sina deni, nimezaliwa na huyu mzee.

Kisha wiki iliyopita akanipigia simu fundi viatu, yule anayekaa pembeni mwa lililokuwa duka la ushirika.

"Dada, mzee wako yupo?"

"Anazunguka. Kuna nini?"

"Hapa wanabomoa. Kile kibanda cha mabati kilichoegemea duka wamekitoa asubuhi hii. Ukuta wa nyuma yake una karatasi nene kama godoro. Hakuna aliyeugusa tangu enzi hizo. Lakini njooni upesi, hawa jamaa hawana subira."

Sikumaliza hata kufunga cherehani. Nilichukua ndoo, mataulo mawili, sifongo na bapa la kupakia lipu la mume wangu, nikamkuta Baba njiani, na nilipomwambia aligeuka tu akaanza kutembea, nikawa mimi ndiye ninayemkimbilia. Pale tulimkuta msimamizi wa ubomoaji, kijana mwenye kofia ya njano na simu mbili, akiwapangia mafundi wake wapi waanzie. Patajengwa duka kubwa la kisasa. Picha yake ilikuwa imeshatundikwa getini, na bidhaa zote zilizochorwa madirishani zilikuwa za nje.

"Mzee wangu, huruhusiwi humu," akasema msimamizi.

"Mke wangu yumo kwenye ule ukuta," akasema Baba.

Kijana wa watu akageuka rangi. Akaweka simu zote mbili mfukoni. Ilibidi niingilie kati kueleza kwamba ni bango, bango la karatasi, kabla hajaita polisi kuja kufukua. Alipoelewa alicheka kwa nguvu, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu, akatukabidhi kofia mbili za njano. "Ule ukuta nitaufanya wa mwisho. Tukimaliza huku mbele, dada, mimi sina namna. Mnanielewa?"

Tukamwelewa. Tukaanza.

Kubandua karatasi za zamani ni kazi ya kukutia wazimu. Unalowanisha kwa taulo la maji ya moto, unasubiri, na kusubiri ndicho kitu ambacho ukoo wetu haukupewa. Mama lishe wa hapo jirani alitupatia maji kutoka sufuria yake. Baba aliweka kiganja juu ya taulo, akaondoka, akarudi, akainua pembe, nikamwambia bado, akaondoka, akarudi. Juu kabisa zilikuwa za uchaguzi, wagombea wanaotabasamu. Chini yao pombe. Chini ya pombe ikaja ile meli na makasha yake. Huko mbele nyundo zilikuwa zimeanza, na kila pigo lilituletea vumbi mpaka kwenye meno.

"Taratibu, Baba, unachana."

"Sichani. Mimi ndiye niliyezibandika."

"Ndiyo maana zimeng'ang'ania."

Chini ya meli akatokea panya wa walanguzi juu ya magunia yake. Baba alipomwona akaacha hata kutembea. Hilo ndilo alilomfunikia Mama. Tukamlowanisha panya yule kwa maji yote yaliyobaki, tukaanza na kipande cha chini kwa sababu kilikuwa kimeanza kuachia. Bapa likapita vizuri. Tukaona herufi nyekundu, TUJENGE KWETU, kisha kikapu, sabuni, jora la kitambaa la buluu ambayo haikuwa imepauka hata kidogo, kisha mkono ulioshika kikapu. Nilijikuta nimeweka mkono wangu juu ya ule wa karatasi, nikipima vidole. Sioni haya kusema kwamba nilikuwa nalia.

Kipande cha juu kikagoma. Nyundo zilikuwa zimefika kwenye ukuta wa pili, na msimamizi akawa anapita, anatuangalia, anaangalia simu, anapita. Mafundi wake wawili wakaacha kazi wakaja kutusaidia, mmoja akishika ndoo. Panya alitoka vipande vipande, sikio, sharubu, mkia. Baba alikuwa anahema. Alikuwa akisema peke yake, "Toka, toka, toka wewe." Halafu karatasi yote ikaachia kwa mpigo, ikadondoka miguuni petu, na pale ukutani akawa anatutazama mwanamke.

Alikuwa mzuri. Uso wa mviringo, meno meupe yaliyopangika, mashavu yenye wekundu kidogo. Nikamtazama kwa pupa kabisa. Nikakiona kidevu changu. Nikaona macho ya binti yangu wa pili. Miaka yote hii nilikuwa nimebeba shimo, na sasa lilikuwa na sura, na nikataka kumshika Baba na kumshukuru na kumsamehe yote.

Baba akasema, "Si yeye."

"Baba?"

"Huyu si yeye."

"Ndilo bango lenyewe! Kikapu kile pale. Maneno yale pale."

"Bango ndilo. Ila huyu si mama yako." Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. "Meno haya si yake. Lake moja la mbele lilikuwa limepanda juu ya jingine, alikuwa anacheka kwa kuziba mdomo. Na uso huu ni wa nani? Wake ulikuwa mrefu. Mashavu haya yametoka wapi? Wamemnenepesha. Walitaka mwanamke aliyeshiba."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilimwambia mambo ambayo sikuwa nimepanga kuyasema, tena mbele za watu, tena nikiwa na kofia ya njano kichwani. Kwamba ananinyang'anya hata hii. Kwamba alinizungusha mji mzima utoto wangu wote kunionyesha mtu, na sasa mtu yupo anasema siye. "Ulikuwa unanyamaza kwa ajili ya hiki? Kila nikikuuliza, yupo ukutani, yupo ukutani. Mbona huyu hapa! Kama siye huyu, basi sema ni yupi!"

Mafundi wakatazama chini. Fundi viatu, aliyekuwa amekuja kushuhudia, akajifanya anakagua soli yake. Baba alikuwa bado anatazama bango, na uso wake ulikuwa umeanza kufanya kitu ambacho sikukielewa, mdomo unacheza, kama mtu anayetaka kupiga chafya.

"Na mwenyewe alisema hivyo hivyo," akasema.

"Nani?"

"Mama yako. Hapa hapa. Siku ya kwanza." Akaanza kutembea, hatua fupi fupi, mbele ya ukuta. "Hapa ndipo nilipoanzia, kwa sababu nilitaka alione yeye kabla ya mtu mwingine. Nikabandika, nikagonga dirisha, akatoka na wenzake wote wa dukani. Akasimama na mkono kiunoni. Akalitazama, akalitazama, mimi nasubiri sifa. Akaniambia, 'Mume wangu, na huyu mwanamke unayezunguka naye mjini ni nani?'"

Fundi mmoja akacheka, akajizuia.

"Walicheka wote. Nikaona haya, mimi na debe langu. Na jioni..." Baba akasimama. Akanitazama kana kwamba ni mimi niliyemwambia jambo. "Jioni nilimpelekea moja nyumbani. Nililificha ndani ya shati. Ndicho kitu pekee nilichowahi kuiibia serikali. Nilikuwa nimelipeleka! Akanizuia mlangoni, hata ndani sikuingia. Akasema, 'Mimi sikai na mke mwenza ukutani kwangu. Mrudishe ulikomtoa, halafu uje kula, chakula kinapoa.' Na mimi nikamrudisha kesho yake. Nilisahauje? Miaka yote najiita mjinga, najiuliza ilikuwaje nisichukue hata moja, kumbe nilichukua. Yeye ndiye aliyemkataa."

Akacheka, machozi yakawa yanamtoka, hakuyafuta. Msimamizi akaja nyuma yetu, akauliza kwa upole kama tungependa mafundi watusaidie kulibandua lile bango lote tuondoke nalo, maana wao wamefika kwenye ukuta huu. Nikampungia mkono asubiri. Baba alikuwa anaendelea. Kwamba Mama alikuwa anakunja jicho moja anaposikiliza mtu muongo. Kwamba alipima kitambaa akakupa zaidi kidogo kama amekupenda, na kama hajakupenda akakata sawasawa kabisa. Kwamba alikuwa na sauti nzito, nzito kuliko ya Baba mwenyewe, na mlangoni watu walidhani ni mwanamume anayewakaribisha.

Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaokaribia kuoa, na ndiyo kwanza nilikuwa nasikia mama yangu akisema kitu. Nikamshika Baba mkono asiondoke.

"Rudia," nikamwambia. "Pale mlangoni. Lakini kwa sauti yake yeye."

Akakohoa, akashusha sauti mpaka chini kabisa, ikamkwama, akajaribu tena. "Mimi sikai na mke mwenza ukutani kwangu," akasema, kwa sauti nzito ya mwanamke, katikati ya lile vumbi, na mafundi wakaangua kicheko, na nikamwomba arudie.